Shefu wa Gare ya Luvungi

Bukavu, tarehe 4 Juni 2024

Guylain, mudogo wangu,

"Treni ya Ruzizi haikuwa ya watu, ilikuwa ya pamba, na Papa hakuwahi kuwa shefu wa gare." Hayo ni maneno yako. Uliyatuma kwenye simu yangu Alhamisi, kati ya picha ya Mama akila muhindi wa kuchoma dirishani na picha ya behewa. Salamu nitakupa, usiogope. Lakini mtu akirushiwa jiwe dirishani hatoki nje kumuuliza mrushaji kama ameamka vizuri.

Nakujibu. Reli ya kutoka Uvira mpaka Kamanyola ilikuwepo, zaidi ya kilomita tisini, na ilifungwa mwaka 1958. Ilivuka bonde zima la Ruzizi. Unataka niamini kwamba miaka yote ile watu wa Luvungi waliitazama ikipita kama ng'ombe? Wagonjwa wao walifikaje hospitali ya Uvira? Pamba ilijifunga yenyewe, ikajipakia, ikajisindikiza? Palipo na abiria pana gare, stesheni kama mnavyosema huko Dar, na palipo na gare pana mkubwa wake, ndiye shefu. Papa alifanya kazi Luvungi tangu 1955 mpaka treni ya mwisho. Na kama hayo hayakutoshi, tazama picha. Papa amesimama, kifua mbele, mkono mmoja mfukoni, kichwani kofia ya reli yenye gurudumu na mabawa yake. Mpakia magunia havai kofia ile. Picha hiyo ndiyo jalada la kitabu changu, na ninyi wote mnaijua tangu mkiwa na meno ya maziwa, kwa sababu ilining'inia sebuleni juu ya redio.

Sasa salamu. Mnaamkaje huko Dar? Mama analala? Miguu yake haikuvimba kwa safari? Daktari wa macho amesema nini? Watoto wako wako wazima? Hapa Yolande na watoto wanawasalimu. Mvua imekata, courant nayo imekata, tunawasha mishumaa, sambaza, dagaa zetu, bado zinapatikana. Naandika kwa kalamu kama mtu mwenye adabu, kisha Aimée, anayeijua simu kuliko baba yake, atapiga picha ya karatasi na kukutumia, maana mambo haya hayajibiwi kwa kidole gumba.

Unajua kilicho mbele yangu. Tarehe 15 Agosti, baada ya misa ya Kupalizwa, naonyesha kitabu katika salle, ule ukumbi wa parokia, hapa Kadutu. Kurasa arobaini na nane, *Gare ya Luvungi na Shefu Wake*. Nataka Mama awe amerudi, akae mstari wa mbele, na nikimwita asimame aseme sentensi moja: ndiyo, mume wangu alikuwa shefu wa gare. Basi. Yeye ndiye mtu pekee niliyebaki naye aliyeiona gare ile kwa macho.

Miaka kumi na tisa nimemuuliza. Nina kaseti kumi na moja za sauti yake. Kisha wewe, ambaye hujamaliza kitabu chochote tangu ulipoacha shule, unakaa naye siku mbili ndani ya treni na kuniletea "ukweli". Mimi nimeandika kuhusu treni kuliko mtu yeyote wa mji huu, na sijawahi kupanda hata moja. Ningepandia wapi? Wajerumani waliifikisha yao Kigoma mwaka 1914. Kalemie wana yao. Yetu ilifika Kamanyola, ikatazama milima, ikasema: kuanzia hapa pandeni lori. Bukavu imekaa juu huku kama bibi-harusi ambaye gari lake lilikwama bondeni, na bado tunatabasamu.

Na nani alibeba begi la Mama mpaka Uvira? Mimi. Pale nikamkabidhi kwa binamu yetu Charlène avuke naye ziwa, nikarudi mbio kusimamia mitihani. Wewe ukampokea Kigoma, mikono mifukoni, ukapanda.

Yolande amesoma juu ya bega langu. Anasema: "Déo, hii si historia. Ni wivu wa mwanaume aliyekuta mke wake anacheka na mwingine." Nimemwambia aende akaangalie sufuria.

Yale maneno yako ya pamba usiyarudie kwa mtu yeyote.

Mukubwa wako,
Déo


Dar es Salaam, tarehe 11 Juni 2024

Mukubwa wangu Déo,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, maana moyo nimeuona, unafuka moshi. Sisi hatujambo. Mama analala vizuri, miguu haikuvimba. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia litaanza kupasuliwa, tarehe 26. Amezoea nyumba kuliko mimi. Amekwishagombana na mama muuza mboga wa mtaa huu na sasa ni marafiki.

Barua yako nilimsomea yote, hata pale pa ng'ombe. Alicheka mpaka akakohoa. Pale pa kaseti hakucheka.

Mukubwa, sikumuuliza kitu. Nakuapia. Nilikuwa nimekata chumba cha vitanda viwili, nikamweka dirishani, nikafikiri atalala mpaka Tabora. Treni ilipovuta pale Kigoma, akanishika mkono kwa nguvu, akasema: "Ni ileile! Inavuta tumbo mbele, kichwa kinabaki nyuma!" Kisha akaanza, na hakunyamaza mpaka Morogoro. Alinyamaza tu kwa ajili ya kula.

Luvungi hapakuwa na nyumba ya gare. Palikuwa na nguzo nne, mabati juu, tangi la maji, na kipande cha reli kimening'inizwa kwa waya. Papa ndiye aliyekuwa akikigonga. Akiona moshi upande wa Kamanyola, anagonga, na wamama wa karanga wanakimbia na vikapu. Mama alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka kumi mwenye kikapu kikubwa kuliko yeye. Treni ikisimama, Papa anapakia pamba, na pamba ikiisha ndipo watu wanaingia, juu ya marobota. Tiketi zilikuwepo kwa wenye viti huko mbele. Watu wetu walikaa nyuma, na walioruhusiwa na wasioruhusiwa walifanana.

Siku moja bibi yetu alikuwa mgonjwa sana, wanampeleka Uvira. Papa akayatoa marobota mawili, akayapanga upya, akamtengenezea bibi kitanda ndani ya pamba. Mama anasema hajawahi kulala mahali laini namna ile mpaka leo, na aliona aibu kufurahi wakati mama yake anaumwa. Miaka kumi baadaye, soko la Kadutu, akamuona kijana anashusha viazi kwenye lori. Akamwambia: "Weye ndiye ulipangia mama yangu pamba." Papa hakumkumbuka. Akasema anamkumbuka. Ndivyo tulivyozaliwa, mimi na wewe.

Kofia ilikuwa ya mpiga picha wa Uvira. Alikuwa nayo ukutani pamoja na saa ya mkono na koti. Unachagua.

Usikasirike. Mimi naona ni nzuri zaidi kuliko shefu.

Mudogo wako,
Guylain


Bukavu, tarehe 17 Juni 2024

Guylain,

Salamu kwa wote. Mwambie Mama namwombea kwa ajili ya tarehe 26.

"Nzuri zaidi kuliko shefu." Nani alikuuliza kizuri? Historia si kitambaa cha kuchagua sokoni. Mwanamke wa miaka sabini na saba, macho yamefunikwa, siku mbili anatikiswa kwenye treni, mwanawe mpendwa anachekacheka mbele yake: atasema chochote. Nikikuweka wewe siku mbili kwenye treni utasema Papa alikuwa askofu.

Kipande cha reli, pamba laini, bibi mgonjwa. Kaseti zangu kumi na moja hazina hata kimoja. Nimezisikiliza tena zote wiki hii, jioni kwa jioni. Zina "ndiyo", zina "sijui", zina "labda", na zina jogoo wa jirani. Kama vitu hivyo vilitokea, vilikuwa wapi miaka kumi na tisa? Mimi ndiye niliyebaki hapa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa moyo, niliyetengeneza paa, niliyemzika Papa wakati wewe ulikuwa unatafuta visa. Na hadithi anakuja kuitoa kwako, Tanzania, kwa mtu anayeuza vipuri vya pikipiki.

Utotoni ilikuwa vilevile. Ulipopata surua alikaa nawe wiki nzima akikuimbia. Mimi nilipopata, alinipa dawa na akasema: "Déo ni mukubwa, ataweza."

Sikiliza sasa. Nimeomba padri atangaze baada ya misa, Jumapili tatu mfululizo: kila familia yenye picha ya mtu wa reli ya Ruzizi ailete tarehe 15 Agosti. Tutaziweka ukutani. Watu wataona kofia zile kwa macho yao, na tutajua kama reli ilikuwa na wakubwa weusi au ilikuwa na vibarua tu, kama Wabelgiji walivyopenda kuandika na kama wewe unavyopenda kuwasaidia.

Mama awe Bukavu tarehe 10 Agosti, si zaidi.

Mukubwa wako,
Déo


Dar es Salaam, tarehe 8 Julai 2024

Mukubwa wangu,

Jambo. Jicho la kulia limekwisha kupasuliwa, na limekwenda vizuri, tumshukuru Mungu. La kushoto ni Agosti mwishoni, kwa hiyo tarehe 10 haiwezekani. Hilo amelisema daktari, si mimi.

Nilitaka kukujibu kuhusu mazishi ya Papa. Nimeandika karatasi mbili nimezichana. Mama akasema: "Leta kalamu, nitamujibu mwenyewe." Nimeandika kama alivyosema, sikugusa.

*Déo mutoto yangu. Niko muzima. Jicho moya walishaisafisha, naona mpaka kucha za Guylain, ziko chafu.*

*Barua yako walinisomea. Unasema nikuye nisimame mbele ya watu niseme neno moya. Ile neno sitaisema. Baba yako hakukuwa shefu. Alikuwa mutu wa kugonga chuma na kupakia pamba, na alikuwa muzuri.*

*Unauliza juu ya nini nilimuambia Guylain, sikukuambia weye. Weye haukuniulizaka, Déo. Ulikuwa unaniambia, kisha unangoyea niseme ndiyo. Nikisema treni ilikuwa inakuya saa ya kutwanga, unasema hapana Maman, quatorze heures dix, saa nane na dakika kumi, iko mu karatasi. Nikisema palikuwa mabati, unasema hapana, palikuwa bâtiment ya matofali. Basi nikasema mu roho yangu: kama iko mu karatasi, aulize karatasi. Guylain hajui kitu. Anasema tu: kisha? Anakula muhindi, anasema: kisha?*

*Ingine ni hii. Ulikuwa darasa ya tatu, ukapigana na mutoto wa jirani juu alisema baba yako si shefu wa gare. Ukarudia na damu, jino imetoka. Baba yako alitaka kukuambia siku ile. Alisimama kabisa mbele ya kitanda yako. Mimi ndiye nilimukataza. Nilisema: acha, jino ishatoka, utamuambia nini sasa? Kosa ni yangu, si yake.*

*Na ile surua, nilikuwa na Guylain mu tumbo. Docteur alinikataza kukukaribia. Nilikuwa nakaa inje ya mulango. Haukuniona.*

*Usipeleke ile kitabu.*

*Mama yako.*

Ndiyo hiyo, mukubwa. Alipofika kwenye surua alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nimeoga.

Mudogo wako,
Guylain


Bukavu, tarehe 22 Julai 2024

Guylain,

Salamu. Nimefurahi kuhusu jicho.

Kitabu kimekwenda imprimerie kuchapwa Ijumaa, kama kilivyo. Kuhusu kofia nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe na sina la kuongeza.

Mama abaki mpaka daktari aridhike. Kiti chake mstari wa mbele nitakiacha wazi na jina lake juu yake.

Déo


Dar es Salaam, tarehe 18 Agosti 2024

Mukubwa wangu,

Jambo. Habari za nyumbani, habari za Yolande na watoto? Ilikuwaje juzi? Mama aliamka saa kumi na moja, akavaa kitenge cha misa, akakaa nacho nyumbani kutwa. Saa ya misa yenu ilipofika akasema: "Sasa anasimama." Baadaye akasema: "Sasa wanapiga makofi."

Tuandikie hata mistari miwili.

Mudogo wako,
Guylain


Dar es Salaam, tarehe 9 Septemba 2024

Mukubwa wangu Déo,

Jambo. Simu unaiacha ilie. Yolande anasema wewe ni mzima, unafundisha, unarudi, unafunga mlango. Aimée anasema chini ya kitanda chenu kuna maboksi ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kufagia karibu yake. Zaidi ya hapo wamekataa kusema, wanasema utasema mwenyewe.

Jicho la pili limefunguliwa. Jambo la kwanza aliloomba kuona ni picha ya Papa kwenye simu. Aliikuza na kidole, akaitazama sana, akasema: "Kofia ilikuwa inamupendeza lakini." Kisha akaniuliza kama ameandika Déo. Kila asubuhi anauliza hivyo, kabla ya chai.

Nitamrudisha katikati ya Oktoba. Ndege anaikataa, anataka treni mpaka Kigoma, halafu Charlène atampokea. Mukubwa, kama nimekukosea, sema nimekukosea wapi. Usituadhibu kwa kunyamaza.

Mudogo wako,
Guylain


Bukavu, tarehe 30 Septemba 2024

Mudogo wangu Guylain, na Mama ambaye unamsomea,

Mnaamkaje? Macho yote mawili yanaona? Huku mvua zimeanza, barabara ya kwetu imekuwa mto, shule imefunguliwa. Yolande ni mzima na ananiangalia kama mtu anayengoja maji yachemke.

Nianze na uchunguzi wangu. Tarehe 19 Julai, siku ileile kitabu kilipokwenda imprimerie, asubuhi, nilikwenda kwa Maman Marie-Louise, yule infirmière, muuguzi mstaafu, hapa hapa Kadutu. Nilisikia ana picha ya baba yake mwenye kofia ya reli. Akaileta imefungwa ndani ya taulo. Kofia ileile. Gurudumu na mabawa, limebandikwa upande, bawa moja juu na moja chini, kama kwa Papa. Ukingo wa mbele umepasuka mahali palepale.

Nikasema: "Maman, baba yako alikuwa shefu wa gare wapi?"

"Papa? Gare? Alikuwa mupishi kwa mapadri!"

"Na hii kofia?"

"Ya fotografe, mwalimu. Papa alitaka baisikeli, ya kupigiwa nayo picha. Akakuta harusi imeichukua. Akasema basi, nipatie kofia."

Akacheka sana. Nikamwambia asante, nikakataa chai, nikashuka moja kwa moja mpaka imprimerie, nikawaambia wapige chapa. Siyo kwamba sikuelewa. Nilielewa tangu mlangoni. Lakini kama ningekisimamisha kitabu, ningekuwa nimekubali kwamba Guylain alipewa kitu ambacho mimi sikupewa, na hilo sikuliweza. Nilipendelea kusema uongo wenye kurasa arobaini na nane.

Tarehe 15 salle ilijaa. Tangazo langu lilikuwa limefanya kazi yake vizuri mno. Watu walileta picha, wengine kutoka Luvungi, wengine kutoka Kavumu. Tulizipanga ukutani kabla sijasimama. Picha tisa, Guylain. Katika saba kati ya hizo, kofia ni ileile. Bawa moja juu, moja chini. Mwalimu wa katekisimu ana kofia. Muuza samaki ana kofia. Yuko kijana ambaye kofia imemfunika masikio. Na katikati Papa, mkubwa kuliko wote kwa sababu nilimchapisha kwenye karatasi kubwa.

Mzee mmoja wa Luvungi, anaitwa Gérard, akazipitia moja moja kwa fimbo yake. Akasema kwa sauti: "Iyi kofia ilitembeaka kuliko treni!"

Salle nzima ikaanguka kicheko. Hata padri. Nilisimama na karatasi zangu nikingoja waanze kunizomea, ili nijue la kujibu. Hakuna aliyenizomea. Wangenizomea ningepona. Walianza kuzungumza wao kwa wao. Mzee Gérard akasema walikuwa wanalala ndani ya pamba na kushuka Uvira weupe kama mizimu. Mwanamke mmoja akasema mama yake alimzaa mdogo wake kati ya marobota, na wakamwita Coton, yaani Pamba, mpaka alipooa. Mwingine akasema kulikuwa na kijana wa Luvungi, mgonga chuma, ambaye akiona bado kuna mtu anakimbia mbali shambani anagonga mara moja zaidi, ili yule mwenye kuendesha mashine afikiri bado kuna mzigo.

Niliposikia hilo niligeuka nikaitazama picha ya Papa.

Wakaendelea masaa mawili. Mimi nilikuwa na tarehe zote, na hakuna hata mmoja aliyezihitaji. Kisha Maman Marie-Louise akanigeukia, bila ubaya wowote, akanyoosha kidole kwenye kile kiti kitupu chenye jina: "Mwalimu, na mama yako, yeye anasemaka nini?"

Sikujua. Mbele ya watu mia moja na zaidi. Nilijua yale uliyoniandikia wewe, kwa mwandiko wako. Mwana wa kwanza, mtu wa vitabu, aliyekaa naye mji mmoja miaka hamsini na nne. Nikasema Mama yuko Dar kwa macho. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, na kitabu hakikugawiwa. Hayo ndiyo maboksi.

Sitaandika hapa kwamba wivu umekwisha. Haujakwisha. Nimebishana na wanasiasa, na mapadri, na maprofesa wawili, na sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia wewe ukila muhindi ule mbele yake. Ulisema "kisha?", ukapewa kila kitu. Nimejizoeza kusema "kisha?" na Aimée. Juzi alikuwa ananieleza mambo ya shule yake, nikasema "kisha?" mara tatu, ya nne nikamsahihisha. Lakini tatu ni kitu.

Mama, kuhusu surua. Nimeketi na sentensi ile zaidi ya wiki kumi. Nakumbuka mlango. Nakumbuka mtu alikuwa anakohoa nje yake, nikafikiri ni Papa.

Nimeomba ruhusa shuleni, siku kumi na nne, na nimeipata. Naondoka Bukavu tarehe 5 Oktoba. Nitapita Kigoma, na stesheni ile nitaipita kwa nje, nitapanda basi mpaka Dar makusudi, hata kama mgongo utakatika. Sitapanda treni yangu ya kwanza peke yangu kama mzigo.

Kwa hiyo, Guylain, nakutaka ufanye hivi na usinibishie. Nenda leo ukakate chumba cha vitanda viwili cha kurudi Kigoma, na jina la pili liwe langu. Wewe kata daraja la tatu, behewa la mbali. Ulikuwa na siku zako mbili. Hizi ni zangu. Usije kugonga mlango, si Dodoma, si Tabora, hata ukiwa na asali. Chakula nitanunua mimi.

Na wewe, Mama, kaa dirishani, anza unapotaka, sema saa ya kutwanga na mabati na pamba. Nikitamka mwaka wowote, nipige kofi mdomoni.

Mutoto yako,
Déo